Maji ya Bi Mkubwa

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, haikuwa siku ya harusi wala ya msiba. Ilikuwa Ijumaa, tumeshasali, nimekaa na wanaume wa kijiji na kikombe cha kahawa mkononi, nikaulizwa habari. Nikazitoa. Leo nimekuwa mzee, magoti yamechoka na meno mengi niliyo nayo si yangu, na kila nikiikumbuka Ijumaa ile hutamani laiti ningepaliwa na ile kahawa nikashindwa kusema.

Kaa nikusimulie. Najua una haraka, na simu yako imeshatetemeka mara mbili tangu ukae. Iache itetemeke.

Mimi nilizaliwa Unguja mjini. Nilikuja Omani nikiwa na miaka ishirini, na sanduku moja, suruali mbili, na Kiarabu cha chuoni, kile cha kusomea Kurani ambacho hakimsaidii mtu kuomba chumvi. Baba yangu alikuwa ameshafariki. Nikapelekwa kwa Babu Sleyum, mdogo wake babu yangu mzaa baba, katika kijiji kilichokuwa nyuma ya mji wa Ibra, pale barabara ilipokuwa inakwisha na mtu akaanza kupanda wadi, lile bonde kavu la mto, kwa miguu.

Kule Unguja watu kama Babu Sleyum tuliwaita Wamanga, na tulikuwa tukiwaiga wanavyosema Kiswahili mpaka tunaanguka kwa kicheko. Nilipofika huku nikachekwa mimi. Vijana wenzangu waliniita Zanjibari. Nikifungua mdomo kusema Kiarabu, mmoja anashika tumbo, wa pili anamwita wa tatu aje asikie. Waliniuliza kama naweza kupanda kitu chochote kisichokuwa mnazi. Nilikuwa nacheka pamoja nao, kisha nakwenda kukaa peke yangu kwenye mfereji wa falaji na roho inaniuma. Nilitaka nihesabiwe mtu wa pale. Nilitaka sana, mwanangu, na mtu anayetaka kitu sana hivyo ni rahisi kupotea.

Babu Sleyum peke yake hakunicheka. Alikuwa amekaa Pemba, Wete, miaka kumi na miwili akichuma karafuu, akarudi na Kiswahili chake cha Kimanga ambacho hakikuwa na mtu wa kukisema naye mpaka nilipokuja mimi. Mkewe alikwisha kufa na hawakujaaliwa mtoto. Kazi yake ilikuwa mitende, lakini moyo wake ulikuwa mlimani. Alikuwa anaujua mwaka kwa macho. Ndege keremkerem wakipita juu ya mitende kwa makundi, anasema baridi inakuja. Kunazi zikianza kuwa nyekundu mitini, anasema sasa watashuka. Mchana tukiwa tunapika tende mbichi kwenye masufuria makubwa na jua linatuchoma sote, yeye anautazama mlima tu na kusema, "Wao sasa iko juu, iko kivuli." Hakuwahi kukosea hata siku moja, na sikuwahi kumwona na kalenda.

Hao "wao" walikuwa mbuzi wa mlima, ambao wenyeji huwaita waal. Nasikia nchi nyingine milima yao ina dubu weusi, na kusini huko Dhofar kuna chui. Sisi upande huu tuna huyu: mfupi, rangi ya jiwe lenyewe, manyoya marefu, pembe zimepindia nyuma. Anatembea ukutani pale ambapo mimi na wewe tungeomba toba. Na ni mwoga. Mtu anaweza kuzaliwa na kuzikwa chini ya mlima ule asimwone hata mara moja.

Babu Sleyum alimjua mmoja hasa, jike mzee aliyevunjika ncha ya pembe ya kushoto. Alimwita Bi Mkubwa, kwa Kiswahili, ili asijulikane. Akirudi kutoka mlimani ananiambia mbele za watu, "Leo Bi Mkubwa kashuka, mzima," na wanaume wanatazamana, kwa sababu neno hilo walikuwa wamelijua maana yake, mke wa kwanza. Kijiji kizima kiliamini mzee ameacha mke Pemba na anapata barua zake kwa njia zisizojulikana. Yeye alikuwa anawaacha waamini. Hiyo ilikuwa siri yetu wawili, na mimi sikuwahi kuwa na kitu cha kujivunia kuliko hicho.

Baada ya miezi sita akanipeleka. Tulipanda kwa muda wa saa mbili, magoti yake yanalia kama mlango, mpaka chini ya mtini mmoja uliojishika kwenye jabali. Pale palikuwa na maji yanayotoka kidogo kidogo, hayajazi ndoo kwa siku. Kila mafuriko yakipita yanayaziba kwa mchanga, na usipouzoa mchanga ule maji yanapotea. Miaka thelathini yeye ndiye aliyekuwa anauzoa, kwa mikono. Akaniona natafuta jembe, akacheka. Akanionyesha namna ya kupanga mawe: matatu bapa chini, ili kwato zipate pa kusimama, na la nne limesimamishwa upande wa juu, limeegemea kidogo kulia, kuzuia mchanga. Nikalisimamisha vibaya, akalibomoa. Nikalisimamisha tena, akalibomoa tena. Mara ya tatu akaliacha.

"Iko maji nyingine," akaniambia, "juu zaidi. Joto ikizidi wote wanakwenda huko. Mwakani nakuonyesha, kama mguu inakubali." Kisha akanitazama. "Mimi nakufa, nani anatoa mchanga? Wewe. Lakini hapana sema mtu."

Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa moyo safi, mwanangu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kunazi zilipoiva mwaka ule tulipanda tena, tukajilaza nyuma ya jiwe upande ambao upepo hauchukui harufu yetu. Bi Mkubwa akaja. Nyuma yake akaja mtoto, hajatimiza hata mwezi, anaruka mawe kwa miguu minne pamoja kama aliyesahau namna ya kutembea. Babu Sleyum akanishika mkono akaubana mpaka ukaniuma. Alikuwa analia. Aliniambia miaka mitano ilipita hajamwona na mtoto, na alikwisha dhani kwamba upande ule wanakwisha.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Ijumaa wakaja wageni.

Sasa hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu wewe umekulia kwenye gari na friji na mambo haya unayaona kwa juu juu tu. Mgeni akiingia kwenye sabla, ile baraza ya wanaume wa kijiji, hupewa tende, hupewa kahawa, na baadaye mkubwa wa pale humuuliza habari. Naye hujibu kwamba hakuna habari, ila kheri. Atajibu hivyo hata kama ametoka kuzika asubuhi ile. Kisha na yeye huuliza, na wenyeji hujibu vile vile. Ya kweli, kama yapo, husemwa baadaye, polepole, kwa anayehusika. Nilikuwa nimeona jambo hilo mara nyingi lakini sikulielewa. Nilidhani ni watu wasiokuwa na la kusema.

Wageni walikuwa watatu, kutoka bonde la mbali. Walikuwa wameacha pikapu yao mwisho wa barabara na bunduki zao wameziegemeza ukutani, kama ilivyokuwa kawaida ya wanaume siku zile. Mkubwa wao alikuwa mtu mcheshi, ndevu zimechanwa vizuri. Ilipofika zamu ya wenyeji kujibu, Babu Sleyum akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akanigusa bega, akawaambia wote, "Leo atajibu huyu. Mtoto wa nyumba."

Mbele ya wale wale waliokuwa wananicheka! Alinipa heshima ambayo vijana wengi waliozaliwa pale walikuwa hawajaipata. Na alinipa jambo jepesi kabisa, maneno manne tu ambayo hata kasuku angeyasema.

Nikawatazama wale vijana. Wawili walikuwa wameshaanza kutabasamu, wanasubiri nikosee herufi. Na mimi nikaona maneno manne ni machache, hayatoshi kuwaonyesha mimi ni nani. Nikasema kwamba habari ipo. Nikasema yule waal mwenye pembe iliyovunjika amezaa, nimemwona kwa macho yangu, anakunywa chini ya mtini, ukipita jabali lililopasuka ukashika mkono wa kushoto. Kiarabu changu siku ile kilitoka kama maji. Sikukosea hata herufi moja.

Hakuna aliyecheka. Yule mgeni akatikisa kichwa akasema, "Mashallah, huyu ana macho ya mtu wa milimani." Ilikuwa sifa ya kwanza niliyopata katika nchi ile, na nilivimba kichwa. Nikamgeukia Babu Sleyum nione kama amefurahi. Alikuwa ameshika kikombe chake kitupu. Akakitikisa mara mbili, kama afanyavyo mtu asiyetaka tena kahawa, akakiweka chini. Hakunitazama.

Tulipotoka akasema neno moja tu, na nitakwambia kama alivyolisema. "Mtu akiuliza habari, hiyo salamu. Hapana swali."

Nikamwambia wale ni wageni wetu, wamekula tende zetu, hawawezi kutufanyia ubaya. Jumamosi asubuhi nikamkuta amekaa mlangoni anajifunga magoti kwa kitambaa, anataka kupanda, na mguu ukakataa. Alisimama akaanguka, akasimama akaanguka. Nikampa bega, akasema hapana, nenda wewe, nenda upesi.

Nilipanda mbio. Nilisikia mlio wa bunduki kabla sijafika kwenye jabali lililopasuka, mmoja, na mlima ukaurudisha mara nyingi. Nilipofika chini ya mtini walikuwa wameshaondoka kwa upande wa pili. Maji yalikuwa na damu. Mawe tuliyoyapanga yamepigwa mateke, na lile la nne limelala. Walichukua walichokitaka, wakaacha vya tumboni.

Juu yangu, kwenye ukingo mwembamba, alikuwa yule mtoto. Alikuwa analia. Nilijaribu kumfuata, akapanda juu zaidi. Nikanyamaza, akashuka mpaka karibu na maji, akanusa, akalia tena. Bado alikuwa ananyonya, mwanangu. Nilikaa pale mpaka jua likafika utosini, sijui la kufanya, nikajikuta na mimi ninamwita kwa sauti ya mbuzi kama mwendawazimu. Hakuja. Angekujaje kwangu?

Siku ya pili Babu Sleyum akapanda. Usiniulize amepandaje. Tulichukua nusu siku, na sehemu nyingine alikwenda kwa makalio. Mtoto alikuwa bado yupo, ila sauti imekuwa ndogo. Tulibeba maziwa ya mbuzi kwenye kiriba, Babu akayamimina kwenye jiwe lenye shimo, tukarudi nyuma tukajificha. Hakuyanywa. Babu Sleyum akazoa mchanga, akaosha damu kwa yale maji kidogo yaliyokuwepo, akapanga mawe upya, peke yake. Niliponyoosha mkono kumsaidia lile la nne, akaniondoa mkono wangu, taratibu, kama unavyomwondoa mtoto karibu na moto.

Siku ya tatu nilikwenda mwenyewe. Palikuwa kimya. Sikutafuta.

Hakunipiga, hakunifukuza. Aliishi miaka mitatu baada ya hapo na tulikula sahani moja kila siku. Aliniita mtoto wa nyumba mbele za watu kama zamani, na kila mwenye kutuona alidhani hakuna kilichobadilika. Lakini kila nilipomuuliza jambo la mlimani, hilo alilifunga. Nikimuuliza, "Babu, kunazi zimeanza nyekundu, wameshuka?" ananijibu, "Sijui, mwanangu. Nimesahau." Keremkerem wanapita juu ya vichwa vyetu, namuuliza baridi itakuja lini, anasema amesahau. Alikuwa hajasahau kitu. Nilikuwa namwona macho yake yanawafuata mpaka wanapotea.

Ningependa angenipiga.

Alipougua mara ya mwisho nikampeleka mjini hospitali. Barabara ilikuwa imeshafika kijijini wakati huo. Nilikaa naye siku nne. Ya nne, mchana, nikaona pumzi zinakuwa fupi, nikainama sikioni kwake. Nikamwambia, "Babu, nisamehe. Na yale maji ya juu, niambie yako wapi nikayatunze. Wallahi sitamwambia mtu."

Akafumbua macho. Akanishika mkono, akaubana kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, kama siku ile nyuma ya jiwe. Nikajua amenisamehe, hilo nilijua. Kisha akanijibu kwa Kiarabu, kwa ile sauti ya sablani: "Hakuna habari, ila kheri."

Akafa alasiri, na maji ya juu akaenda nayo.

Nilitafuta. Nilitafuta miaka, mpaka magoti yangu nayo yakaanza kulia. Yale ya chini ya mtini niliyazoa mchanga kila baada ya mafuriko, na sikuona hata alama moja ya kwato. Mwishowe mtini wenyewe ukakauka. Nikahamia Ibra, nikaoa, nikafanya kazi ya serikali mpaka nikastaafu, nikazika mke. Watu wananiita mtu wa milimani. Mimi najua nisichokijua.

Sasa mwaka huu, kunazi zilipoiva, mjukuu wangu Shadya akaja kuniona. Unamjua, yule anayefanya kazi ya wanyama pori, anayetega kamera mlimani zinazojipiga zenyewe. Akanisalimu, "Shikamoo, Babu," hata marahaba yangu hakuisubiri, amekwisha nipa simu. "Tazama, Babu. Tazama nilichokipata!"

Nikavaa miwani. Palikuwa na jabali nisilolijua, kivuli kizito, na maji kidogo. Majike wawili wanakunywa, na kati yao mtoto. Nikawa natazama kwato zao wamezisimamisha wapi. Wamezisimamisha juu ya mawe matatu bapa. Na upande wa juu palikuwa na jiwe la nne, limesimama, limeegemea kidogo kulia.

Sikuweza kuzuia machozi, wala sikujaribu. Masikini, akaogopa, akadhani moyo umenishika. "Babu, una nini?" Nikamuuliza, "Umeshamwonyesha nani?"

"Ofisini kwetu tu, kwa mkubwa wangu anayehusika na ulinzi wao. Nilikuwa nataka kuituma kwenye kundi la familia sasa hivi." Akanisogelea. "Nikwambie ni wapi, Babu? Wewe utapajua."

Mwanangu, nilikuwa nimelisubiri neno hilo umri mzima. Lilikuwa hapo, mdomoni kwake, na mtu aliyelijua nimemzika kwa mikono yangu. Nikamwambia, "Usiniambie. Mimi nilikwisha ulizwa mara moja." Kisha nikamsimulia haya ninayokusimulia wewe. Akaifuta ile picha kwenye simu, mbele ya macho yangu, na kundi la familia halijaiona mpaka leo.

Ijumaa iliyofuata nyumba ikajaa. Ami zake walikuja kutoka Sur na Nizwa, watoto wanakimbizana, kahawa inazunguka. Mmoja wao, mtu mwenye maneno mengi, akamwita Shadya mbele ya wote. "Ehe, binti wa milimani! Habari za huko?" Watu wakageuka kumsikiliza. Nikaona mdomo wake unafunguka, nikaweka kikombe changu chini.

"Hakuna habari, ami," akasema. "Ila kheri."

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Utakapopata kitu kizuri kisichoweza kujilinda chenyewe, usikitumie kujitafutia cheo mbele za watu. Sisemi ufiche uovu. Uovu useme, upige kelele. Nasema kuhusu kile ulichoonyeshwa kwa sababu mtu amekuamini. Ukiaminiwa, kuwa na kifua. Yule anayekucheka leo hatakupenda kesho kwa sababu umemwambia siri, na yule atakayekusifu kwa kuisema, mtazame mikono yake. Na ukiwa na jambo unalolijua, mtafute mapema wa kumwachia, umfundishe, umvumilie, kwa sababu Babu Sleyum aliniadhibu mimi kwa haki lakini ule mwaka wake wote aliokuwa akiusoma kwa macho ulizikwa naye, na hakuna kamera itakayoufukua. Usije ukawa mimi. Na ukiweza, usije ukawa yeye.

Mungu akujaalie macho ya kuona na kifua cha kuweka. Akupe mtu wa kukuamini, na akulinde na siku ya kumvunja moyo. Mimi safari yangu si ndefu tena. Nitakapokutana na Babu Sleyum nitatamani kumwambia kwamba wamebaki, kwamba wako wawili na mtoto, kwamba jiwe lake bado limesimama. Lakini yeye ndiye mkubwa, ataniuliza kwanza. Niombee siku hiyo nimjibu kama nilivyotakiwa nijibu Ijumaa ile: hakuna habari, Babu, ila kheri.